Dawa za Saratani Zitokazo Katika Mimea: Kupelekwa na Kufika

Makala hii ina madhumuni mawili. Kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili cha kawaida, namna mabingwa wa dawa wanavyozichukua sumu zitokazo katika mimea na kujaribu kuzifikisha penye saratani kwa vichukuzi vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Pili ni kuyapima maneno ambayo lugha inayatumia katika jambo hili, kwa kuwa baadhi yake hueleza kweli ilivyo, na baadhi huahidi zaidi ya kweli. Madhumuni haya hayatengani. Mgonjwa aambiwaye kwamba dawa yake imetoka katika mti, na kwamba inalenga uvimbe, ataamua mambo makubwa kwa maneno hayo: kukubali sindano au kuikataa, kuuza shamba ili kununua dawa ya ghali, au kwenda uani kuchuma majani na kuyachemsha. Neno lisilo sawa katika mambo haya laweza kumgharimu mtu uhai wake.

I. Jina la ugonjwa, na utata wa neno chembe

Neno saratani lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Waganga wa Kiyunani wa zamani waliuita ugonjwa huu karkinos, na Warumi wakauita cancer, na maneno yote mawili maana yake ni kaa vile vile. Galen alieleza kwamba mishipa iliyovimba kando ya uvimbe hufanana na miguu ya kaa. Neno la Kirumi ndilo lililopita katika Kiingereza na kuingia Kiswahili kwa sura ya kansa. Kwa hiyo saratani na kansa ni maneno mawili yenye picha moja, ijapokuwa yalifika kwa njia mbalimbali. Wanafalaki wa pwani walilijua neno saratani kwa njia nyingine pia, kuwa ni jina la buruji ya nne.

Picha ya kaa yaonyesha sura ya ugonjwa kwa nje tu. Kwa ndani, saratani ni jambo la seli. Mwili wote umejengwa kwa seli, na seli za kawaida hugawanyika kwa kiasi, zikakoma zinapopaswa kukoma. Seli za saratani hazikomi. Hugawanyika pasipo haja, huingia mahali pasipo pake, na huenda zikasafiri katika damu na kuota tena mbali na pale zilipoanza.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapokutana na taabu ya kwanza. Katika vitabu vingi vya shule na vya afya, seli huitwa chembe, au chembe hai, au chembechembe, kama katika chembechembe nyeupe za damu. Lakini chembe, katika Kiswahili cha siku zote, ni kipande kidogo cha kitu: chembe ya mchele, chembe ya mchanga, hakuna hata chembe. Maana hii ya pili ndiyo ifaayo kwa vitu vidogo vinavyobeba dawa. Mwandishi akitumia neno moja kwa vyote viwili, ataandika kwamba chembe huingia katika chembe na kuiua, na msomaji hatajua muuaji ni nani na aliyeuawa ni nani. Kwa sababu hiyo, katika makala hii seli ni seli, na chembe ni kile kipande kidogo kibebacho dawa. Seli ni neno la kigeni, walakini limekwisha kuzoeleka, na faida ya kutenga maana ni kubwa kuliko hasara ya kukopa.

II. Sumu zitokazo katika mimea

Seli inapotaka kugawanyika hutengeneza ndani yake nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo huvuta urithi wa seli pande mbili, nusu huku na nusu huku, kisha hufumuliwa. Seli isiyoweza kuzifuma nyuzi hizo haiwezi kugawanyika, na ile isiyoweza kuzifumua hukwama vivyo hivyo. Mimea kadhaa ina sumu ziharibuzo kazi hiyo.

Mmea wa kwanza ni Catharanthus roseus, asili yake Madagascar, wenye maua ya waridi au meupe, upandwao leo katika bustani nyingi za nchi za joto, na pwani ya Afrika ya Mashariki pia. Katika miaka ya 1950, huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer waliupima kwa sababu majani yake yalinyweka Jamaica kuwa dawa ya kisukari. Hawakuona faida katika kisukari, bali waliona kwamba maji ya majani hayo hupunguza seli nyeupe za damu. Kutoka hapo zilipatikana vinblastini na vinkristini, ambazo huzuia nyuzi zisifumwe. Vinkristini iliruhusiwa Marekani mwaka 1963. Uvimbe wa taya wa watoto, ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliueleza mwaka 1958, hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa ambamo mara nyingi vinkristini imo. Hata hivyo sumu hiyo katika jani ni haba mno, na huhitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata kiasi kidogo cha dawa. Tena vinkristini haina nafasi pana kati ya kipimo kiponyacho na kipimo kidhuru. Anayechemsha majani ya uani hajui amekunywa nini, wala amekunywa kiasi gani.

Mmea wa pili ni Taxus brevifolia, mti wa misitu ya magharibi ya Marekani. Gome lake lilikusanywa mwaka 1962, na mwaka 1971 Monroe Wall na Mansukh Wani wakatangaza umbo la paklitakseli. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake walionyesha kwamba paklitakseli hufanya kinyume cha vinkristini, yaani haizuii nyuzi kufumwa bali huzizuia kufumuliwa. Wall na Wani hao hao walikuwa wameeleza mwaka 1966 kamptothesini, itokayo katika mti wa Kichina Camptotheca acuminata, ambayo njia yake ni nyingine: huzuia seli kuunakili urithi wake salama.

Sumu zote hizi zina kasoro moja. Hazijui saratani. Hushika kila seli igawanyikayo upesi, na seli za namna hiyo ziko pia katika mashina ya nywele, katika utumbo, na katika uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika, na hupungukiwa na damu. Baadhi ya sumu hizi hudhuru mishipa ya fahamu pia, mpaka vidole vikafa ganzi. Tabibu husimama kati ya mambo mawili: akipunguza dawa, uvimbe husalia, akiizidisha, mgonjwa hudhurika. Haja ya vichukuzi ilitokana na shida hiyo.

III. Vichukuzi

Neno nano, ambalo sasa hutangulia maneno mengi ya sayansi, lilitoka katika Kiyunani, na maana yake ni mbilikimo. Katika vipimo, nanometa ni sehemu moja ya meta iliyogawanywa mara milioni elfu. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanometa zipatazo 7,000 hivi. Unywele wa mtu hufika nanometa 80,000 au zaidi. Chembe-nano zitumikazo katika dawa huwa na upana wa makumi machache ya nanometa, au mia na zaidi kidogo. Kwa hiyo huweza kupita katika mishipa myembamba kabisa ya damu pasipo kuiziba.

Kwa kitu kibebacho dawa, Kiswahili kina mzizi wa zamani ulio tayari: kuchukua, katika maana ya kubeba mzigo. Mchukuzi ni mtu. Kikiwekwa katika ngeli ya ki-vi, kitu huwa chombo kisicho na nia: kichukuzi, vichukuzi. Badiliko hilo la ngeli si dogo, maana chembe-nano haina akili wala macho, na lugha yenyewe yapasa kulisema hilo.

Mfano ujulikanao sana ni wa paklitakseli. Dawa hii haiyeyuki katika maji, na damu ni maji kwa sehemu kubwa. Iliporuhusiwa Marekani mwaka 1992, ilitiwa katika kiyeyushi kilichotengenezwa kwa mafuta ya mbarika na pombe. Kiyeyushi hicho chenyewe kiliwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali, hata ikalazimu kuwapa dawa nyingine kwanza, na kuingiza sindano polepole kwa saa tatu. Mwaka 2005 iliruhusiwa sura mpya, iitwayo Abraxane, ambayo ndani yake paklitakseli imefungwa na albumini, yaani protini ya kawaida ya damu ya mtu, kuwa chembe za nanometa 130 hivi. Mbarika ikatoka, sindano ikawa ya nusu saa, na kipimo kikaweza kuongezwa. Katika majaribio kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyoenea, uvimbe ulipungua kwa asilimia 33 ya waliopata chembe hizo, na kwa asilimia 19 ya waliopata dawa ya zamani. Lakini ganzi kali ya mishipa ya fahamu iliwapata wengi zaidi katika kundi la kwanza, asilimia 10 kwa 2. Kichukuzi kiliondoa madhara ya kiyeyushi, wala hakikuondoa madhara ya sumu yenyewe.

Aina nyingine ya kichukuzi ni kiputo cha mafuta, ambacho mabingwa hukiita liposomu: ukuta mwembamba wa mafuta uliozunguka maji, na dawa imo ndani. Irinotekani, mtoto wa kamptothesini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2015 katika viputo vya namna hii kwa saratani ya kongosho, kwa jina la Onivyde.

IV. Kuvuja na kunasa

Mwanzoni mwa karne ya 20 Paul Ehrlich, mtaalamu wa Ujerumani, aliwaza dawa iwezayo kumpata adui wa mwili na kuwaacha wengine salama, akaiita kwa neno la lugha yake lenye maana ya risasi ya ajabu. Picha ya risasi ndiyo iliyozaa usemi wa kulenga. Walakini chembe-nano hailengi. Mwenye kulenga ana jicho, mkono na nia; chembe huchukuliwa na damu kila iendako damu, katika ini, katika figo, katika kidole cha mguu.

Njia ya kwanza ambayo chembe huweza kukusanyika penye uvimbe ni kuvuja. Uvimbe hukua kwa haraka, na mishipa yake ya damu hujengwa ovyo, yenye nyufa. Chembe zisizoweza kupenya mishipa mizima huponyoka katika nyufa hizo, na kwa kuwa mifereji ya limfu ya uvimbe ni dhaifu, hukaa humo. Jambo hili lilielezwa mwaka 1986 na Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani. Katika panya wa maabara huonekana wazi. Katika wanadamu hutofautiana sana, mgonjwa kwa mgonjwa, na uvimbe kwa uvimbe.

Njia ya pili ni kunasa. Baadhi ya seli za saratani zina vipokezi vingi mno juu ya ngozi yake. Kichukuzi kikivikwa kitu kishikanacho na kipokezi hicho, kitapita penye seli nyingine na kunasa penye zile. Mfano wa karibu ni mbegu ya kishonanguo. Mbegu hiyo haimtafuti mpita njia. Ila nguo ya sufu ikiigusa, hunasa, na ngozi tupu hupita salama. Kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kusema kinasa-sauti, si vigumu kusema kinasa-seli. Chembe-nano zilizotajwa hapo juu, Abraxane na Onivyde, hazina kinasa-seli.

V. Mti wa Shimba Hills

Kisa kinachoonyesha nguvu ya kinasa kuliko vyote kina sehemu yake katika pwani ya Kenya. Mwaka 1972 Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walieleza maitansini, sumu waliyoipata katika mti wa Ethiopia wa jamii ya Maytenus. Ilikuwa kali mno: katika maabara iliua seli kwa kipimo kidogo kuliko cha vinkristini mara mia hata mara elfu. Ikatafutwa kwa wingi. Mti wa jamii hiyo, Maytenus buchananii, ulikuwako katika hifadhi ya Shimba Hills, katika nchi ya Wadigo, ambao walikuwa wakiutumia mti huo katika uganga wao tangu zamani. Katika miaka ya 1970 zilikusanywa huko tani 27 hivi kwa ajili ya taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani, na miti iliyokomaa ikamalizwa. Miaka minne baadaye, ilipohitajika zaidi, machipukizi yalikuwa machache hata wakusanyaji wakapata taabu.

Na baada ya yote hayo dawa haikufaa. Wagonjwa waliojaribiwa walidhurika utumbo na mishipa ya fahamu, na faida ilikuwa haba. Majaribio yakaachwa katika miaka ya 1980. Mzigo ulikuwako, wala hapakuwa na wa kuuchukua.

Mambo mawili yaligeuza hali hiyo. La kwanza, mwaka 1977 wataalamu wa Japani walitangaza sumu za jamii hiyo hiyo zitokazo katika kijidudu kiwezacho kukuzwa katika mapipa, na hivyo mti ukapumzishwa. La pili, mtoto wa maitansini alifungwa kwa kiungo imara na kingamwili iitwayo trastuzumabu, ambayo hushika kipokezi cha HER2. Kipokezi hicho huzidi katika saratani ya matiti ya wanawake wapatao 15 hata 20 kwa kila 100 wenye ugonjwa huo. Kila kingamwili hubeba molekuli tatu au nne za sumu. Ikinasa, seli huimeza, huivunja ndani, na sumu hutoka humo humo. Dawa hiyo, Kadcyla, iliruhusiwa Marekani mwaka 2013. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2012, nusu ya wagonjwa walioipata waliishi zaidi ya miezi 30.9, na nusu ya waliopata matibabu ya kawaida ya wakati huo waliishi zaidi ya miezi 25.1.

Mabingwa hawaiiti dawa hii chembe-nano, kwa sababu ni molekuli moja kubwa, si chembe iliyokusanywa. Lakini upana wake ni nanometa 10 hivi, na kazi yake ni ile ile ya kichukuzi. Yafundisha jambo ambalo mti wenyewe haukuweza kulifundisha: sumu ile ile iliyoachwa kwa ukali wake ikawa dawa ilipopata kinasa. Aliyetia mizizi ya mti huo katika chungu hakupata Kadcyla, wala hataipata.

VI. Kupeleka si kufikisha

Yapasa sasa kurudi kwenye vitenzi. Waandishi wa habari za sayansi husema kwamba chembe-nano hufikisha dawa kwenye uvimbe. Kufikisha ni kauli ya kutendesha ya kufika, na kitendo chake hakitimii mpaka kitu kimefika. Kupeleka hakudai hivyo. Mtu aweza kupeleka barua isifike, wala hasemwi kuwa amesema uongo. Lakini hawezi kuifikisha isifike.

Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walikusanya hesabu za majaribio mengi ya miaka kumi, karibu yote kwa panya. Waliona kwamba, kwa kipimo cha katikati, asilimia 0.7 tu ya chembe-nano zilizoingizwa mwilini zilifika katika uvimbe. Sehemu kubwa ya nyingine hukamatwa na seli za ulinzi katika ini na bandama, ambazo kazi yake ndiyo hiyo, kusafisha damu kwa kuondoa kila kipande kigeni. Wako waliobisha namna hesabu hiyo ilivyofanywa, na ni kweli kwamba hata dawa tupu isiyo na kichukuzi hufika kwa sehemu ndogo. Hata hivyo hesabu yenyewe yatosha kuonyesha kitenzi kipi ni cha haki. Kwa kazi ya chembe-nano, upelekaji ni jina la kweli. Ufikishaji ni tumaini.

Vinasa navyo havikuwa na bahati sawa. Kampuni ya Marekani, BIND Therapeutics, ilitengeneza chembe-nano yenye kinasa, ikibeba doseteseli, ndugu wa paklitakseli. Ilijaribiwa kwa wagonjwa, lakini kampuni ikashindwa na madeni mwaka 2016, na dawa haikufika sokoni.

VII. Maneno yanayofaa

Kutokana na maelezo haya, maneno machache yanaweza kupendekezwa. Seli iwe kwa kitu hai, na chembe kwa kipande kibebacho. Kichukuzi kiwe kwa chombo cha kubebea, cha aina yoyote. Kuvuja na kunasa yatumike mahali pa kulenga kila inapowezekana, kwa kuwa hueleza jambo lenyewe, na tofauti baina yao ni tofauti baina ya dawa mbili. Kupeleka kuwe kwa safari, na kufikisha kuwekwe akiba kwa lile lililothibitika. Na pale isemwapo kwamba dawa imetoka katika mti, ni vema iongezwe kwamba imetolewa, imesafishwa, imepimwa, na mara nyingine imebadilishwa, maana kutoka si kuwa.

Huenda ikasemwa kwamba mgonjwa hahitaji ubishi huu wa wanalugha. Lakini mgonjwa ndiye aulizaye maswali ambayo maneno haya yanajibu: Je, dawa itakwenda wapi mwilini mwangu? Kwa nini nywele zinatoka ikiwa dawa yalenga titi? Kwa nini nisinywe majani yenyewe? Tabibu aliyepewa neno kulenga peke yake hawezi kulijibu swali la pili. Aliyepewa kuvuja na kunasa aweza kumweleza kwamba dawa huzunguka mwili mzima, kwamba sehemu yake hukaa penye uvimbe kuliko mahali pengine, na kwamba tofauti hiyo, ijapokuwa ndogo, ndiyo inayotafutwa.